Mlango wa Nyuma Tutautoboa Baadaye

Kwetu Ngana, huku Kyela, ukiona mafundi wamesimamisha ngazi wanapaka rangi nyumba ya watu, usiulize nani anaoa. Uliza nani anaumwa.

Sisemi haya kwa kubeza. Au tuseme nabeza kidogo, na haki ninayo, maana nyumba ninayoisema ni ya kwetu. Tangu nipate akili imebadilika sura mara nne, na mara zote hizo kulikuwa na mtu kitandani. Mambo yenyewe huenda hivi: mgonjwa akizidiwa, ukoo unakaa kikao. Kwanza wanazungumza habari za hospitali, kwa kifupi, huku wakitazama chini. Kisha mmoja anakohoa na kusema, "Na hapa nyumbani je? Watu wakija watatuonaje?" Hapo kikao kinachangamka. Watu wale wale waliokosa nauli ya kumpeleka mgonjwa Mbeya wanakumbuka ghafla kwamba wana mifuko ya saruji mahali fulani.

Nyumba ya kwanza ninayoikumbuka ni ya babu, baba yake baba. Ilikuwa ndefu, ya mianzi, na nafasi kati ya mwanzi na mwanzi zilijazwa madonge ya udongo yaliyofinyangwa kwa mkono. Bibi alipaka kuta udongo mwekundu chini na mweupe juu, na katikati, pale rangi mbili zinapokutana, alichora mistari kwa vidole. Mvua ikija inafuta, kiangazi kikija bibi anachora upya. Hakusubiri mtu augue. Paa lilikuwa la nyasi na milango ilikuwa miwili. Wa mbele ulikuwa wa babu na wageni wake. Wa nyuma ulikuwa wa kwenda jikoni, nao ndio uliofanya kazi, maana kila kilicholiwa mbele kilipitia nyuma.

Babu alipougua, ukoo ukasema aibu, mzee mzima kuagwa chini ya nyasi. Zikaletwa bati. Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa maji, na nakumbuka tulivyolishangaa lile paa lilivyomeremeta, utadhani limeshuka kutoka mbinguni. Babu akafa, watu wakaja, na mvua ya Kyela, ambayo haijawahi kumwonea haya mtu yeyote, ikaja pia. Bati zikapiga kelele ibada nzima. Mchungaji tulimwona mdomo tu ukienda. Wazee waliitikia amina kwa kukisia, na baadhi yao walikisia vibaya.

Bibi alifuata baada ya miaka mingi. Wakati wake habari ya mjini ilikuwa matofali ya kuchoma, na baba yangu, aliyekuwa amerithi nyumba, hakutaka kuchekwa. Basi bibi akahamishiwa kwa jirani ili nyumba yake ibomolewe, apate kufia mahali pazuri. Alifia kwa jirani. Katika ile nyumba ya matofali hakulala hata usiku mmoja akiwa hai. Na kuta zake za udongo mwekundu na mweupe, ambazo sijaona mtu mwingine akizichora vile, zilivunjwa na kujazwa kwenye msingi.

Sasa sikilizeni jambo la mlango, maana ndilo hasa lililonifanya nianze kuandika.

Siku bibi alipokata roho, kuta zilikuwa zimefika juu lakini fremu ya mlango wa nyuma ilikuwa bado kwa seremala, Kyela mjini. Ya mbele ilikuwepo, ya mninga, imepigwa vanishi. Fundi akamfuata baba na kumwuliza afanyeje na lile tundu la nyuma. Mwili utaingizwa kesho, watu wanakuja, na nyumba yenye tundu haipendezi.

"Lizibe kwa muda," baba akasema. "Mlango wa nyuma tutautoboa baadaye, msiba ukiisha."

Fundi akaliziba. Alikuwa mtu mwema, akaacha linta yake, ule mhimili unaobeba ukuta juu ya mlango, pale juu ili kutoboa kuje kuwa rahisi.

Msibani mama yangu, kama mkwe wa nyumba, alikuwa nyuma kwenye moto. Ndiyo kazi ya mkwe. Bibi alimpokea akiwa msichana asiyejua hata kupika ndizi za pale, akamfundisha kila kitu, na watu walidhani ni mtu na mwanawe. Wakati wa kuaga ulipofika mama alikuwa akigeuza sufuria la wali linaloanza kushika chini. Akamwachia mwenzake mwiko, akakimbilia mlango wa nyuma kwa mazoea ya miaka yote. Akakuta ukuta. Akazunguka nyumba nzima, akakuta umati wa wanaume umeziba mlango wa mbele, wenye makoti, na nani angempisha mwanamke mwenye masizi? Alipopenya, jeneza lilishatoka. Alifika kaburini wanatupia udongo.

Habari hii aliniambia mara moja tu, tukichambua mchele. Nikamwambia pole. Akasema, "Pole ya nini? Wali haukuungua." Akaendelea kuchambua.

Msiba ukaisha. Matanga yakaisha. Mlango haukutobolewa.

Kwa hiyo mama akawa mtu wa kuzunguka. Chakula kinaiva nyuma, kinaliwa mbele, na katikati kuna nyumba. Alikuwa akitoka jikoni na sufuria la moto, anapita ubavuni, kwenye kichochoro kati ya ukuta na migomba, pale hasa ambapo maji ya bati yanamwagika, maana mifereji ya paa nayo ilikuwa ya baadaye. Masika akipita anamwagiwa kichwani kama anabatizwa upya kila mlo. Kuna siku aliteleza na chungu chake cha Lyulilo, kile kikubwa, alichokwenda kukichagua mwenyewe ufukweni mwa ziwa mitumbwi ikishusha. Kikavunjika. Kande zikatapakaa kwenye tope. Mama akakaa pale pale chini akalia, na hakulia kwa ajili ya kande.

Jioni ile akamwambia baba, "Naomba mlango wangu."

Baba hakuwa mtu mbaya. Alicheka kwa upole, akasema, "Mama watoto, mlango wa nyuma nani atauona?"

Alipougua baba mwenyewe, tukaingia enzi ya plasta na rangi. Safari hii mgonjwa alishiriki. Alichagua bluu, akachagua na nguzo mbili za barazani, na kutoka kitandani alikuwa akiwakaripia mafundi kwamba nguzo ya kushoto imenenepa kuliko mwenzake. Ilikuwa imenenepa kweli, na imenenepa mpaka leo. Harufu ya rangi ikamzidishia kikohozi mpaka mama akaamuru abebwe akalazwe kwenye banda la kuanikia kakao. Huko akapata nafuu siku kadhaa. Sisi watoto tukaanza kushukuru, lakini mafundi walipomaliza alitaka kurudi ndani kuiona kazi. Aliiona. Akafa wiki hiyo hiyo, na rangi ilikuwa haijakauka vizuri, maana watu waliokuja kumlilia waliegemea kuta na kuondoka na migongo ya bluu. Mpaka Kyela mjini ungeweza kumtambua mtu aliyetoka msibani kwetu.

Plasta ilifunika kila kitu. Ile alama ya tundu la nyuma, iliyokuwa ikionekana kwenye matofali, nayo ikafunikwa. Sasa hata ushahidi ukawa umepakwa bluu.

Mtaniuliza, na wewe binti yake ulikuwa wapi? Nilikuwa Kyela mjini nauza mchele, si mbali. Mara mbili nilimchukua fundi nikaja naye. Mara zote mbili simu ya kaka yangu mkubwa ikafika kabla fundi hajashusha nyundo. Kaka yuko Dar es Salaam, na ndiye mwenye nyumba kwa kuwa ndiye wa kiume. "Dada, usiguse ukuta," akaniambia. "Kuna ramani. Halafu wewe umeolewa, una kwako." Hiyo ramani sijawahi kuiona. Nikamjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika, na tukanuniana mpaka Krismasi.

Kisha zamu ikawa ya mama. Moyo, wakasema hospitali, na umri. Alilazwa Kyela, miguu imevimba, pumzi fupi, na daktari akatuambia twende naye nyumbani tumtunze, kwa ile sauti ya madaktari ambayo kila mtu anaielewa. Nikampandisha bajaji na mito miwili. Tulipoingia uani nikaona ngazi.

Kaka alikuwa ametua na ndege Songwe tangu juzi yake na kuja na mafundi wa mjini. Marumaru nyeupe zimepangwa barazani, madirisha ya aluminiamu, dari ya jipsamu inapandishwa sebuleni, na ile bluu ya baba inapakwa rangi ya maziwa, isipokuwa ukuta wa nyuma, ambao ulibaki bluu. Mama akaketi ndani ya bajaji akatazama kwa muda.

"Nani anaumwa?" akauliza.

"Hakuna, mama," kaka akasema. "Tunapendezesha tu."

"Aa. Basi ni mimi," akasema. "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Umefanya vizuri." Akanyoosha mkono tumshushe.

Jioni, akiwa ameegemezwa kwenye mito, akamwita kaka na kumwomba mlango. Kaka akapiga magoti kama mtoto mwema, akamshika mkono, akamweleza kwamba mafundi wana ratiba, kwamba kutoboa sasa kutachafua marumaru, na kwamba mlango umewekwa kwenye awamu ijayo.

Mimi nikashindwa kujizuia. "Awamu ijayo nani atakuwa anaumwa? Wewe?"

"Dada, huna adabu."

"Na wewe huna haya!"

Mama akatutuliza kwa mkono. Hakuonekana kukasirika. Alionekana mtu anayefikiri, na kwa anayemjua hilo lilikuwa jambo la kuogopesha zaidi.

Siku ya pili yake hali ikawa mbaya. Hakula, hakunywa, akasema anataka kuaga. Akamwita mchungaji, akamwita baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, na wazee wengine kama watatu. Chumba kikajaa. Mchungaji akaomba. Mama akafumbua macho, akaongea kwa sauti ndogo lakini kila neno lilisikika, maana mvua ilikuwa haijaanza.

"Mimi sina mali. Nina neno moja tu. Nikifa, jeneza langu lisitolewe kwa mlango wa mbele. Nitoeni nyuma."

"Mama," kaka akasema taratibu, "nyuma hakuna mlango."

"Najua," mama akasema, akafumba macho.

Kwetu neno la anayeaga halijadiliwi. Unaweza kumnyima mtu mlango maisha yake yote, lakini ukilikanyaga neno lake la mwisho, kila mtoto atakayeugua kwenye ukoo, kila ng'ombe atakayekufa, itasemwa ni wewe. Baba mdogo alimtazama kaka. Wazee wakamtazama kaka. Mchungaji, ambaye angepaswa kusema kwamba hizo ni imani za zamani, akatazama Biblia yake.

Jua halijazama nyundo zikaanza. Jamani, raha niliyoisikia! Bluu ikaanguka, plasta ikaanguka, yakatokea matofali, na juu yake ile linta ikaonekana imekaa pale pale, inasubiri tangu bibi. Vumbi jekundu likaingia ndani na kutanda kwenye marumaru zote za kaka. Kesho yake fremu ikaletwa kutoka Kyela kwa pikipiki, mlango ukapachikwa, na kitasa kikatiwa.

Na keshokutwa yake asubuhi nikaamshwa na harufu ya vitunguu. Kitanda cha mama kilikuwa kitupu. Nikatoka mbio, nikamkuta jikoni na kanga yake kiunoni, anahema, anakoroga supu ya samaki, mbasa.

"Mama! Si ulikuwa unaaga?"

"Nimeaga," akasema. "Kwani kuna sheria ya kuondoka siku hiyo hiyo?"

Akaepua sufuria. Nikataka kumpokea, akanikata jicho. Akalibeba mwenyewe, hatua ndogo ndogo, akapita kwenye mlango wake, akakatisha ukumbini, akaenda kumwekea kaka mezani. Kaka aliitazama ile supu, akamtazama mama, akautazama mlango, na uso wake sijui niuelezeje. Alikuwa kama mtu aliyelipa nauli ya Mbeya akajikuta anashushwa Tukuyu, katikati ya njia. Lakini alikula. Akaomba na ya pili.

Mama akaishi miaka mingine mizuri. Ile sebule ya jipsamu ilifungwa kwa ufunguo, viti vikiwa bado na nailoni zake, ikisubiri wageni wa heshima. Mama alikaa kwenye kizingiti cha nyuma, miguu nje, mgongo ndani, na wanawake wa jirani walikuja kukaa naye pale, na maisha yote ya nyumba yakahamia huko. Kila niliponunua mpunga vijijini nilipita kwanza kwake, na nilikuwa nimeacha hata kukumbuka kwamba kuna baraza mbele. Nilipomtania kwamba aliwaongopea wazee wa ukoo na mchungaji pia, alicheka mpaka akashika ubavu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Mwaka jana, wakati wa kuvuna mpunga, alikuwa amekaa pale pale anapeta mchele. Akasema amechoka, acha ajinyooshe kidogo. Hakuamka. Hakutupa hata nafasi ya kununua kopo moja la rangi. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na sikumjali aliyesikia.

Kaka alifika na kuitazama nyumba kwa hofu. Kwa mara ya kwanza katika ukoo wetu mtu alikuwa amekufa nyumba haijui. Jipsamu ilikuwa na miduara ya kutu kutokana na bati kuvuja. Mafuriko ya masika yalikuwa yameacha mstari wa tope ukutani. Rangi ya maziwa ilikuwa imebanduka na bluu ya baba ikachungulia, na marumaru mbili barazani zilikuwa zimenyanyuka. "Watu watatuonaje?" kaka akasema, na akapendekeza mwili ukae mochwari wiki nzima ili mafundi wafanye chochote. Baba mdogo, ambaye sasa anatembelea fimbo, akamwambia mama atazikwa keshokutwa na anayeudhika na kuta atazame watu.

Basi siku ya kuzika yakapangwa turubai na viti mbele, wakaketi diwani, watu wa Dar, watu wa Mbeya, na ndugu zetu wa Malawi. Mpiga picha wa video akasimama mbele ya baraza, amelenga mlango wa mninga. Ndani, tulipomaliza kuomba, kaka na wabebaji wakashika jeneza na kugeuka kuelekea mbele.

Baba mdogo akagonga fimbo kwenye marumaru. "Alisemaje?"

Kaka akanong'ona, "Baba, ile siku si... alikuwa anatania."

"Wewe uliambiwa ni utani? Mimi sikuambiwa."

Kaka akanitazama mimi. Nilikuwa nimengoja miaka mingi kumwona akinitazama hivyo, na ilipofika sikuwa na hamu ya kumcheka. Nikamwambia, "Kaka, tumtoe."

Wakageuka. Tukapita ukumbini, tukatokea nyuma.

Kule akina mama walikuwa kwenye moto, wali unachemka, nyama inachemka, moshi umejaa, mikono ina unga na mafuta. Hakuna aliyewaambia. Mmoja akainua kichwa akaona jeneza liko mbele yake, kwenye kizingiti kile ambapo juzi tu alikuwa ameketi na marehemu mwenyewe. Akaacha mwiko. Wote wakaacha. Wabebaji wakasimama, na wale wanawake wakaja na masizi yao na hakuna aliyehitaji kuombwa apishe. Wakamshika. Wakamwita kwa majina ambayo sisi watoto wake hatukuyajua. Vidole vya unga na mafuta vikabaki kwenye vanishi ya jeneza, na kaka akatoa kitambaa, akakitazama, akajifutia machoni badala yake.

Hapo ndipo nilipomwona mama siku ile ya bibi, ameacha mwiko, anakimbilia ukuta. Jamani mama yangu. Mimi miaka yote nilidhani ule mlango ni habari ya masufuria.

Makaburi yetu yako upande wa mbele. Kwa hiyo tukamzungusha kwa njia yake ya zamani, ubavuni mwa nyumba, kati ya ukuta na migomba, wabebaji wakipita kwa shida, na wanawake wa jikoni wakifuata nyuma yake wa kwanza. Tulipotokea mbele, wageni wote wa heshima walikuwa bado wamesimama, kofia mkononi, wakitazama ule mlango mwingine.